UZI: Fidia ya waliofungwa bila hatia: nani anaisimamia mpaka imfikie mwenyewe?

Mleta uzi (Kisauni)

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mazungumzo yetu hapa Mombasa kuhusu waliofungwa kimakosa huishia mahali pamoja. Mtu ametoka gereza la Shimo la Tewa, mahakama imemfutia hatia, jamaa wamempokea kwa dua na pilau, na mambo yamekwisha. Wachache huuliza kama atalipwa, na wachache zaidi huuliza swali ambalo mimi naliona ndilo zito: hata jaji akishatamka fidia, ni nani aliyepewa kazi ya kuifuata hatua kwa hatua mpaka ifike mkononi mwa mwenyewe? Rai yangu ni kwamba katika nchi yetu shida kubwa iko katika usimamizi wa malipo kuliko katika kiasi kinachotamkwa, na kwamba usimamizi huo hauwezi kuachiwa ofisi ileile iliyosababisha madhara, wala ile inayoitetea mahakamani.

Katiba ya 2010 haikuwasahau watu hawa. Ibara ya 50(6) inamruhusu mtu aliyetiwa hatiani, ambaye rufaa yake imekataliwa na mahakama ya mwisho anayoweza kuifikia, au ambaye hakukata rufaa kwa wakati, kuiomba Mahakama Kuu isikilize kesi yake upya iwapo umepatikana ushahidi mpya na mzito. Ibara ya 23(3) inaipa mahakama uwezo wa kuamuru fidia pale haki za msingi zilipovunjwa. Zaidi ya hayo, Kenya imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1972, na ibara ya 14(6) ya mkataba huo inataka mtu alipwe fidia, kwa utaratibu uliowekwa na sheria, ikiwa hukumu yake ya mwisho imefutwa au amesamehewa kwa sababu jambo jipya limeonyesha bila shaka kwamba haki ilipotoka. Sheria ya kuweka utaratibu huo hatujaitunga. Hakuna ofisi ambayo mtu aliyefutiwa hatia anaweza kuingia leo na kujaza fomu ya kudai miaka yake.

Kwa hiyo watu wetu wanalazimika kuzunguka. Wengine huishtaki Serikali kwa madai ya kushtakiwa kwa nia mbaya, na huko wanatakiwa kuthibitisha mambo ambayo mahakama za Afrika Mashariki zimeyashikilia tangu kesi ya Mbowa dhidi ya utawala wa wilaya ya East Mengo ya 1972: kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba mashtaka yalimalizika kwa kumfaa mdai, kwamba hayakuwa na msingi wa maana, na kwamba yalisukumwa na nia mbaya. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Mtu aliyefungwa kwa sababu shahidi mmoja alimtambua vibaya usiku hana nia mbaya ya kuionyesha. Polisi waliamini walichoambiwa, hakimu akawaamini polisi, na miaka ikapotea bila kupatikana mtu mmoja wa kubeba lawama. Tena madai ya aina hii dhidi ya Serikali yana ukomo wa miezi kumi na miwili tu, muda ambao aliyetoka jela anautumia kutafuta mahali pa kulala, kipande kipya na mtu wa kumpa kibarua. Wengine hufungua ombi la kikatiba, ambalo halina ukomo mkali namna hiyo, lakini nalo linataka wakili, nauli na subira.

Wanaoshinda ni wachache. Ningependa tuwajadili hao hasa, kwa sababu wao ndio wanaotuonyesha kilichoko baada ya ushindi.

Mleta uzi (Kisauni), anaendelea

Kabla hamjachangia, niruhusuni nieleze mfano wa Uingereza ambao nimeusoma kwa makini, kwa kuwa una funzo la moja kwa moja.

Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha matawi ya posta nchini humo walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Ushahidi ulitoka katika mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ambao ulionyesha upungufu wa fedha usiokuwepo. Mamia ya kesi hizo ziliendeshwa na Posta yenyewe, ikiwa ndiyo mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa pamoja. Watu walifungwa, wakafilisika, wakatengwa na majirani zao. Baadhi yao walikufa kabla ya majina yao kusafishwa.

Mwaka 2019 kundi la watu 555 lililoongozwa na Alan Bates, mmoja wa waliowahi kuendesha matawi hayo, lilifikia mapatano ya pauni milioni 57.75 na Posta. Mtu akisikia kiasi hicho atadhani kazi imekwisha, lakini sehemu kubwa mno ilimezwa na gharama za mawakili na za wale waliofadhili kesi, na waathiriwa wakabaki na makombo yasiyolingana na hasara zao. Baadaye zikaanzishwa skimu moja baada ya nyingine, na kwa miaka kadhaa Posta hiyohiyo ikawa inapokea madai, inayapima na kutoa ofa. Fikirini mama aliyefungwa kwa neno la ofisi fulani, kisha anaandikiwa barua na ofisi hiyo akiombwa aambatanishe stakabadhi za hasara zake za miaka ishirini iliyopita, stakabadhi ambazo ofisi hiyo ndiyo iliyozichukua siku ya upekuzi. Huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo la wananchi. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofuta hatia hizo kwa mkupuo, na fidia ya waliofutiwa hatia kwa sheria hiyo ikawekwa chini ya wizara badala ya Posta, kila mmoja akipewa hiari ya kuchukua pauni 600,000 bila mabishano au kuomba madai yake yapimwe kwa kina. Bodi ya ushauri ya watu wasiokuwa wa Posta ilikuwa imekwisha kuundwa ili kuangalia mwenendo wa skimu zote na kutangaza inachokiona. Januari 2025 kamati ya Bunge inayosimamia biashara ilikwenda mbali zaidi, ikataka kila hatua ya madai iwe na muda wa mwisho wenye nguvu ya kisheria, na wanaochelewesha watozwe fedha. Na Julai 2025 jaji mstaafu Wyn Williams, aliyeongoza uchunguzi wa umma, alitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake, na akaizungumzia fidia kwa urefu pamoja na mateso ya watu, kwa sababu namna ya kulipa ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya mateso hayo.

Nchi yenye fedha, mahakama za karne nyingi na magazeti yasiyolala imechukua miaka yote hiyo. Sisi ambao hatuna hata fomu ya kuanzia tuko wapi?

Mchangiaji kutoka Likoni

Ndugu mleta uzi, umenigusa mahali penyewe. Mjomba wangu alihukumiwa kifo kwa wizi wa kutumia nguvu, na mwaka 2009, Rais Kibaki alipobadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, yeye pia akawa mfungwa wa maisha. Baadaye rufaa yake ilisikilizwa, hatia ikafutwa, akatoka. Kwa msaada wa watu wa haki za binadamu alifungua ombi kuhusu namna alivyozuiliwa na kunyimwa maelezo ya mashahidi, na jaji akampa fidia.

Tangu siku hiyo ana bahasha ya kaki. Ndani yake mna nakala ya hukumu, amri iliyopigwa muhuri, barua za wakili, na karatasi ndogo zenye majina ya maafisa aliowahi kuelekezwa kwao. Huivusha feri akiwa ameiweka ndani ya shati kwa kuogopa maji, anafika katika ofisi moja mjini, anaambiwa faili liko Nairobi. Nairobi wakipigiwa simu wanasema wanangoja maelekezo kutoka wizarani. Wizarani hakuna anayejua jina lake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba hatalipwa. Kila mmoja anakiri kuwa deni lipo, na hakuna anayejiona kuwa ndiye mdaiwa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba fedha hizo zimekwisha kutumika kabla ya kufika. Amekopa kwa matumaini yake, watoto wake wamegombana kwa ajili yake, na wapo watu wawili waliomjia wakitaka awape sehemu ya fidia mapema ili "wamsukumie" faili. Nauliza: kisheria, ni nani hasa anayepaswa kulipa, na je, mtu hawezi kukamata hata gari la Serikali?

Wakili (Mombasa mjini)

Pole sana ndugu yangu, na mfikishie mjomba salamu zangu za heshima. Nitajibu kwa utaratibu, kwa sababu wengi huchanganyikiwa hapa.

Ukishinda kesi dhidi ya mtu binafsi au kampuni, unaomba mahakama ikuruhusu kukamata mali yake. Kwa Serikali njia hiyo kwa kawaida imekuwa ikifungwa. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, ambacho mahakama zetu zimekitumia kwa miaka mingi, kinakataza kukamata mali ya Serikali ili kulipa deni la hukumu. Badala yake, siku 21 zikipita tangu amri itolewe, au gharama zikishapimwa, mshindi anaiomba mahakama hati ya kuthibitisha deni. Hati hiyo ni karatasi fupi tu: jina la anayedai, kiasi, gharama, riba kama ipo, muhuri na saini ya msajili. Inapelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na sheria inamtaka afisa mhasibu wa wizara inayohusika, ambaye kwa kawaida ni Katibu wa Wizara, alipe kiasi kilichoandikwa.

Asipolipa, mshindi anarudi mahakamani na kesi mpya, akiomba amri ya mandamasi, yaani amri ya kumlazimisha afisa wa umma kutimiza wajibu ambao sheria imempa. Akishaipata na bado halipwi, anarudi tena kuomba Katibu aitwe aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Mara nyingi ni hapa ndipo ahadi za malipo huanza kusikika, na wakati mwingine Katibu mwenyewe amekwisha kuhamishwa, na mpya anasema hakuwepo. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa dhuluma ileile, anaweza kupita kesi ya jinai, rufaa, ombi la fidia, mandamasi na shauri la kudharau mahakama. Walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la Serikali jijini Nairobi, ambao mahakama ziliwapa fidia miaka mingi baada ya mateso, wanaijua njia hiyo kuliko mawakili wengi.

Kwa mjomba wako, swali langu la kwanza ni kama ile hati ya kuthibitisha deni iliwahi kuombwa. Nimeona watu wengi wakizunguka na nakala ya hukumu pekee, na afisa mhasibu kwa hukumu pekee hawezi kulipa hata akitaka. La pili, andikeni barua rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiuliza deni hili limeingizwa katika bajeti ya mwaka upi na liko katika hatua gani. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na isipojibu mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua hiyo haileti fedha, lakini inamfanya mtu mwenye jina na cheo aweke saini chini ya jibu. Na hao wawili wanaotaka sehemu mapema msiwape hata senti, tena waripotini.

Mhasibu mstaafu (Changamwe)

Nimefanya kazi ya hesabu za umma muda mrefu, na ningependa kuongeza upande ambao mawakili huupita haraka.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka kumalizika, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na wizara huwa zimeanza kuyaandaa miezi mingi nyuma. Jaji akitamka fidia mwezi wa Mei, deni hilo halina mahali pa kukaa katika bajeti inayokuja, isipokuwa kwa bajeti ya nyongeza. Wizara, ikichagua kati ya kulipa mtu aliyeshinda kesi na kununua mafuta ya magari yake, hununua mafuta. Deni linaingia katika orodha ya malimbikizo pamoja na madeni ya wakandarasi na wauzaji wa vifaa, na pale linapotea. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki malimbikizo ya tangu 2005 hadi Juni 2022. Huo ni urefu wa muda ambao deni la Serikali linaweza kulala bila mtu kulikanusha wala kulilipa.

Kwa hiyo mimi nasema usimamizi uanzie katika bajeti. Pawe na fungu la peke yake la fidia za waliofutiwa hatia, lisilochanganywa na matumizi ya wizara yoyote, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikague kila mwaka na kutaja bayana nani amelipwa, nani hajalipwa na kwa nini. Fungu hilo litakadirika vizuri zaidi kama sheria itaweka kiwango. Ujerumani hulipa yuro 75 kwa kila siku ya kifungo, juu ya hasara ya mali inayothibitishwa. Japani ina ukomo wa yeni 12,500 kwa siku, na kwa kiwango hichohicho Iwao Hakamada, aliyekamatwa 1966 na kuachiliwa kabisa na mahakama 2024, aliamriwa kulipwa zaidi ya yeni milioni 217 mwezi Machi 2025. Texas hulipa dola 80,000 kwa kila mwaka wa kifungo, pamoja na malipo ya kila mwezi maisha yote, na anayelipa ni mhasibu mkuu wa jimbo, mtu asiyehusika kabisa na polisi wala waendesha mashtaka.

Lakini nina onyo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Bungeni mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa zamani. Kanuni za kuuendesha zilikwama, na waliotangaziwa wakabaki wakingoja. Mfuko bila kanuni ni tangazo tu. Na mfuko wenye kanuni legelege ni mbaya zaidi, kwa maana utajaa wadai hewa, na madalali watatembea Majengo na Kongowea wakikusanya saini. Anayelipa ni lazima aoanishe amri na sijili ya mahakama, alama za vidole na kumbukumbu za gereza, na fedha ziingie katika akaunti yenye jina la mwenyewe, si la mtu mwingine yeyote kwa niaba yake.

Mleta uzi (Kisauni)

Mzee wetu wa Changamwe, nakubaliana nawe kuhusu fungu la peke yake, kuhusu Mkaguzi Mkuu na kuhusu akaunti ya mwenyewe. Kuhusu kiwango nina wasiwasi, nao unatokana na Uingereza tena. Sheria yao ya 1988 inayotoa fidia kwa waliofungwa kimakosa iliwekewa ukomo wa pauni milioni moja kwa waliofungwa miaka kumi au zaidi na 500,000 kwa wengine, na ukomo huo ulikaa vilevile miaka mingi huku thamani ya fedha ikishuka, mpaka ukaja kupandishwa mwaka 2025. Baya zaidi, tangu 2014 anayedai anatakiwa kuonyesha kwamba hakutenda kosa bila ya shaka yoyote ya maana, mzigo uleule ambao upande wa mashtaka ulishindwa kuubeba. Na mwaka 2007 mahakama yao ya juu iliridhia fidia ya baadhi ya waliofungwa kimakosa ikatwe gharama za maisha ambazo wangezilipa kama wangekuwa nje. Yaani mtu aliwekwa ndani bila kosa, kisha akahesabiwa kwamba huko ndani alikula na kulala bure! Ilibidi Andrew Malkinson, aliyekaa gerezani miaka 17 kwa kosa ambalo hakulitenda, afutiwe hatia Julai 2023 na kulisema jambo hilo hadharani, ndipo makato hayo yakaondolewa mwezi uliofuata. Yeye mwenyewe alingoja mpaka 2025 kupata malipo ya kwanza ya muda.

Kwa hiyo ningependa kiwango kiwe sakafu ambayo hakuna anayeweza kupewa chini yake, na anayeweza kuthibitisha hasara kubwa zaidi aachiwe nafasi ya kuithibitisha. Na kiwango kipitiwe upya kila baada ya miaka michache kwa amri ya sheria yenyewe, bila kungoja huruma ya waziri.

Jambo la pili nataka tulichukue kutoka karibu, Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetoa hukumu kadhaa dhidi ya Tanzania katika mashauri ya wafungwa ambao kesi zao hazikuendeshwa kwa haki: kesi ya Alex Thomas ya 2015, ya Wilfred Onyango Nganyi na wenzake ya 2016, ambao ni Wakenya wenzetu, na ya wanamuziki Nguza Viking na Johnson Nguza ya 2018. Tazameni namna mahakama ile inavyoandika amri zake za fidia. Inataja kiasi, inasema kisikatwe kodi, inatoa miezi sita, inaamuru kwamba muda huo ukipita riba ihesabiwe kwa kiwango cha benki kuu ya nchi, na inaitaka Serikali ilete ripoti ya utekelezaji kila miezi sita mpaka mahakama iridhike kwamba yote yametekelezwa. Msimamizi amewekwa ndani ya amri yenyewe. Shauri halifungwi siku hukumu inaposomwa.

Najua mtaniambia kwamba Tanzania mwaka 2019 iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda Arusha, na kwamba Kenya tamko hilo haijalitoa hata mara moja, hivyo mfungwa wa Shimo la Tewa hawezi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini hakuna kinachomzuia jaji wa Mahakama Kuu hapa Mombasa kuandika amri ya namna hiyo kesho asubuhi. Ibara ya 23 inasema anaweza kutoa nafuu inayofaa. Mawakili wanaofungua maombi haya wawe wanaiomba tangu mwanzo: muda wa kulipa, riba, ripoti, na tarehe ya kutajwa shauri baada ya hukumu.

Bodi ya kusimamia, ikiundwa, isikae chini ya Mwanasheria Mkuu, kwa sababu huyo ndiye anayeitetea Serikali dhidi ya watu haohao. Isikae chini ya wizara yenye polisi na magereza. Iwe na mtu wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, jaji mstaafu, mkaguzi wa hesabu, na mtu aliyewahi kufungwa kimakosa, ambaye atajua kwamba anayetoka jela anahitaji fedha za muda za kuanzia ndani ya wiki za kwanza, si baada ya miaka. Iweke pia ukomo wa ada ya wakili, tusije tukarudia yale ya mapatano ya 2019. Na isifunge faili la mtu kabla rekodi yake ya polisi haijasafishwa, maana aliyelipwa mamilioni lakini cheti chake cha tabia njema bado kinamwonyesha kuwa mwizi wa kutumia nguvu hataajiriwa bandarini wala hotelini.

Mchangiaji kutoka Likoni

Wakili, nimemuuliza mjomba jana usiku. Hati ya kuthibitisha deni hajawahi kuiona. Ana hukumu na amri tu. Amri yenyewe haikutaja muda wa kulipa wala riba. Miaka yote hii alikuwa akibisha mlango bila ufunguo ambao sheria inautaka, na hakuna afisa hata mmoja kati ya aliowaendea aliyemwambia. Ikiwa kungekuwa na bodi kama hiyo, kazi ya kuiomba hati ingekuwa yake, bila kumwachia mzee asiyesoma Kiingereza.

Mama (Bombolulu)

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mjane wa mtu wa namna hiyo. Marehemu alishinda, akangoja, akafa akingoja. Ofisini wameniambia kwamba malipo yalikuwa ya mtu binafsi na kwamba mwenyewe akishakufa jambo limekwisha. Je, ni kweli? Na kama si kweli, sisi ni Waislamu, yeye ameacha mimi na watoto wa kike na wa kiume, fedha hizo zikitoka zinapita wapi?

Wakili (Mombasa mjini)

Bi mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Waliokuambia hivyo wamekosea. Fidia iliyokwisha kuamriwa na mahakama ni deni, na deni la marehemu linalodaiwa kwa wengine ni sehemu ya mirathi yake kama ilivyo nyumba au shamba. Kilichokufa ni uwezo wake wa kutia saini, na huo unahamia kwa msimamizi wa mirathi.

Hatua ya kwanza ni cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Kwa kuwa nyote ni Waislamu, na mkikubaliana kufikisha jambo hili huko, Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa ina mamlaka ya mirathi chini ya ibara ya 170 ya Katiba. Kadhi atawatambua warithi na mafungu yao: wewe mke mwenye watoto unapata thumni, yaani sehemu moja kwa nane, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, baada ya kutoa madeni ya marehemu na wasia wake kama aliuacha, usiozidi thuluthi. Hakikisha fidia hii imeandikwa waziwazi katika orodha ya mali, pamoja na nambari ya shauri, hata kama bado haijalipwa. Nimeona familia zikiiacha nje ya orodha kwa kudhani si mali mpaka iingie benki, na baadaye zikalazimika kuanza upya.

Ukishapata hati ya kusimamia mirathi, peleka ombi katika faili la shauri lake la fidia ili jina lako, kama msimamizi, liwekwe mahali pa jina lake. Ndipo hati ya kuthibitisha deni itolewe, au iliyopo ibadilishwe, ikiwa na jina hilo. Kisha iandikie wizara kuwaarifu kuhusu mabadiliko hayo na akaunti ya mirathi ambayo malipo yataingia, akaunti ambayo warithi wote wanaifahamu. Barua ipeleke kwa mkono, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama hati za marehemu ziko kwako, zipige picha zote leo, kisha uje nazo ofisini tuanze na cheti cha kifo.